Siku Tabo Ilipotaka Kuniozesha Tumbe

Bora niseme mwenyewe, maana najua mshasikia vipande vipande, na kule Tumbe ndo kabisa, kila anayesimulia anatia chake, wapo wanaosema gari iliruka hewani, wapo wanaosema nilishakubali nikaha na biriani nikala, na wapo (hawa siwasamehe) wanaosema nililia. Sikulia. Moshi uliniingia machoni. Aibu nimeipata, tena aibu ya kushangiliwa kwa vigelegele na dufu, lakini aibu ikishakuwa yako ni mali yako, hakuna wa kukunyang'anya, basi naisimulia kama ilivyokuwa na anayetaka kucheka acheke, mie mwenyewe nikiikumbuka dukani nacheka mpaka wateja wanaangaliana.

Kwa asiyenijua, mimi ni Kombo, muuza mashungi (mitandio ya wanawake) wa Chake Chake, mtu wa kitambi kidogo na maneno mengi. Kazi yangu kutwa ni kukunja na kukunjua vitambaa, kazi ya utulivu mno, na nadhani utulivu huo ndio ulionifanya nitamani kitu chenye fujo. Binamu yangu wa Unguja akaniachia gari yake ya Kijapani yenye tabo. Sasa tabo (namweleza asiyejua, mke wangu Raya alikuwa hajui na alikuwa na raha zake) ni kijifeni kinachozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, kinasukuma hewa kwa nguvu kuirudisha ndani, na injini ikishapata hewa nyingi na mafuta mengi inakuwa kama mbuzi aliyekuta shamba la muhogo halina ua. Majirani wakaiita "gari ya tabu". Mwanzo nilikuwa nawasahihisha, baadaye nikaacha.

Basi hiyo tabo kiwandani huwa wameibana, presha yake haipiti kiwango fulani. Ukitaka zaidi unafunga kontrola, na kontrola ziko za namna mbili. Iko ya mkono, ambayo ni kama koki ya bomba tu, unaizungusha, unaiacha pale ulipoiacha, haisemi haicheki. Na iko ya umeme, ambayo ina kompyuta yake ndogo na valvu inayofungua na kufunga upesi kuliko kope, inaipima presha na kuirekebisha yenyewe, na ina kioo. Kioo, jamani! Kioo chenye taa ya buluu, namba zinapanda zinashuka, na presha ikizidi kinalia pii pii pii kama mtoto aliyefinywa. Mtu mwenye akili angeuliza ipi inaifaa injini yake. Mimi na rafiki yangu Shaame, fundi umeme wa magari, tulikaa kibarazani kwake tukaziangalia kwenye simu mpaka kahawa ikapoa.

"Ya mkono yatosha," akasema Shaame. "Gari yenyewe ya kwendea dukani."

"Na hii ya umeme?"

"Hii ya umeme ni nzuri zaidi."

"Kwa nini?"

Akaisogeza simu karibu na macho. "Inawaka."

Basi, watu wazima wawili wenye ndevu, tukakubaliana hapo hapo.

Ilipofika, ndani ya boksi mlikuwa na kioo, valvu, vipira vya hewa, nyaya kama utumbo wa kuku, na kitufe kimoja chekundu. Hicho kitufe ndicho shetani wa hadithi hii. Kazi yake ni kwamba ukikibonya ukakishikilia, presha inapanda juu ya ile uliyoipanga, upate nguvu ya ghafla ya kulipita gari la mbele, ukikiachia inarudi. Mahali pake ni karibu na dereva, kila mtu anajua, hata boksi limechorwa picha. Lakini ili kukiweka hapo ilibidi kuitoboa dashibodi, na mimi nikaruka juu, nikasema gari ya mtu wa heshima haitobolewi tobolewi, na huku mlango wa abiria wa mbele ulikuwa na tundu tayari, swichi ya kioo cha dirisha ilishavunjika zamani ikang'olewa.

"Kitie hapo kwa sasa," nikasema, kwa mdomo wangu huu huu. "Harusi ya shemeji ikipita tutakihamisha."

Kikaingia pale utadhani kimezaliwa pale.

Kuipanga presha nako kulikuwa raha peke yake. Inatakiwa uende kidogo kidogo: unaweka chini, unatoka njiani pasipo watu, unaingia gia ya tatu, unakanyaga mpaka mwisho, mwenzio anasoma namba, unapunguza, unasimama, unaongeza chembe, unarudi tena. Shaame alikuwa anasoma namba kama anayetangaza mpira. "Nukta tano! Nukta sita! Inapanda, inapandaaa, imetulia!" Na tukifika mwisho wa barabara tunageuka tunacheka wenyewe kwa wenyewe bila sababu, machozi yanatutoka, mzee mmoja aliyekuwa anaanika karafuu pembeni ya njia akawa kila tukipita anazifunika kwa jamvi. Tukaiacha kwenye nukta nane, injini inavuta vizuri, haigongi, haikohoi. Hapo tulifanya kazi ya watu. Kitufe peke yake ndicho hatukukijaribu. Shaame alikipangia moja nukta tano, kwa mzaha, akasema hiyo ni ya siku ya kukimbia vita, tukacheka tena, tukasahau.

Sasa harusi. Shemeji yangu Salum, mdogo wake Raya, alikuwa anamuoa binti mmoja wa Tumbe aitwaye Time, nikaha baada ya Alasiri. Na bwana harusi lazima apakiwe kwenye gari ya maana, na mwenye neno la mwisho katika hilo ni mkwe wangu, Mzee Haji. Nimwelezeje Mzee Haji? Ni mtu wa maneno machache, na katika hayo machache halijawahi kutoka hata moja la kunisifu mimi. Tangu nimuoe binti yake ananiita "yule muuza mashungi", si kwa ubaya, kama mtu anavyosema "ile mvua ya jana". Nilimwomba mwenyewe. Nilimwambia, "Baba, gari yangu ipo, nimeitengeneza, mwachie mie Salum." Akaniangalia, akaiangalia gari, akasema, "Tuone." Mnajua neno "tuone" linavyomkosesha mtu usingizi?

Siku yenyewe gari ikaoshwa, ikafungwa utepe mweupe na mashada ya maua, mie nimevaa kanzu mpya na kofia ya viua iliyopigwa pasi mpaka imesimama yenyewe, bwana harusi kakaa nyuma na joho lake, Mzee Haji pembeni yake na bakora, nyuma yetu gari za jamaa, na nyuma kabisa basi la wanawake wakiongozwa na Raya kwa vigelegele. Nikawa nakwenda kwa heshima. Nikajizuia, wallahi nilijizuia, lakini kila kilima kikija mguu unawasha, nakanyaga kidogo tu, tabo inapiga mluzi fyuuu, kioo kinawaka, na mimi natazama kioo cha nyuma nione kama mkwe kaona. Mkwe hakuona kitu. Aliyeona ni Salum, ambaye tangu asubuhi tumbo lake halikuwa lake kwa hofu ya harusi, na tulipofika Konde akanigusa bega.

"Shemeji, simama. Simama sasa hivi, tafadhali."

Akateremka, akainama nyuma ya mgomba, aliporudi uso umemgeuka kijivu, akasema samahani sana lakini yeye amalizie safari kwenye gari ya ami yake, ile isiyopiga mluzi. Basi nikabaki mimi na gari iliyopambwa, haina bwana harusi. Mzee Haji akahamia mbele, kiti cha abiria, akakaa, akaweka bakora katikati ya miguu, akafunga mlango. Joto lilikuwa la kuchemsha yai.

Tukatoka Konde sisi tuko nyuma ya wote, hata basi la wanawake lilishatutangulia, njia imenyooka mbele yetu, na Mzee Haji akasema, "Hewa hakuna humu," akapapasa mlangoni kutafuta pa kufungulia dirisha.

Akakiona kitufe. Akakibonya.

Jamani! Mluzi ule wa tabo haukuwa fyuuu tena, ulikuwa mtu anayepiga yowe kisimani. Gari ikainua pua. Kioo cha buluu kikaenda moja, moja nukta mbili, moja nukta nne, pii pii pii pii, kofia yangu ya viua ikanishukia machoni, mashada ya maua yanang'oka mojamoja yanaruka nyuma, na Mzee Haji, kwa kuwa dirisha halifunguki, alizidi kubonya. Mtu akibonya kitu kisitii huongeza nguvu, ndivyo tulivyoumbwa.

"Baba, toa kidole!"

"Halifunguki!"

"Si dirisha, Baba! Toa kidole!"

"Nasema halifunguki hili!"

Tukalipita basi la wanawake. Nikaliona kwa chini ya kofia, nyuso zote dirishani, vigelegele vimekatika katikati. Tukazipita gari za jamaa. Tukampita bwana harusi mwenyewe, jambo ambalo halifanywi, halijapata kufanywa, msafara wa harusi humpiti bwana harusi. Mtaniuliza kwa nini sikuinua mguu tu, maana ukiinua mguu presha inakufa hata kitufe kikishikiliwa na jini. Na mimi najiuliza. Jawabu la kweli nalisema hapa kwa mara ya kwanza: nilikuwa nacheka. Nilikuwa nacheka siwezi kujizuia, na nikamtupia jicho mkwe wangu, na kilemba kimemlegea, ndevu zimelala ubavu, na sijui, labda niliota, lakini naye meno yalikuwa nje.

Kisha kompyuta ya gari ikaona hawa wamerukwa na akili, ikakata mafuta. Gari ikashtuka, ikaacha, ikashtuka, ikaacha, vichwa vyetu vinatikisika kama mijusi, na hapo mpira mkubwa wa hewa unaotoka kwenye tabo ukachomoka. PAAA! Kuku walitoka kwenye nyumba ambazo hata hatujazifikia. Tangu hapo gari haikuwa na nguvu hata ya kuvuta pumzi, ikawa inajikokota, inakohoa, inatoa moshi mweusi, na masikioni mwangu hamna kitu isipokuwa nzi mmoja mkubwa anayeimba. Hivyo ndivyo tulivyoingia Tumbe. Mbele kidogo nikaona turubai, watu wamevaa kanzu, majamvi, udi unafuka, na kwa kuwa si mie si mkwe aliyepata kufika nyumba yenyewe, nikasema alhamdulillahi, tumefika, na gari nayo ikaona hapo panatosha, ikazimika.

Wenyeji walichokiona ni hiki: gari iliyofungwa utepe, maua mawili matatu yaliyosalia, dereva kavaa kanzu mpya, na mzee mwenye bakora. Mtu mmoja akapaza sauti, "Bwana harusi keshakuja!" Wakatumiminikia. Wakaisukuma gari mpaka mlangoni, dufu likaanza, wanawake ndani wakapiga vigelegele, mimi nikatolewa kwa kubebwa nusu.

"Siye mie," nikawaambia. "Bwana harusi yuko nyuma, anakuja."

Wakacheka. "Ndo hofu hiyo," akasema mmoja akinipangusa masizi shavuni kwa leso yake. "Mie siku yangu nilisema mie mpita njia."

Nikamgeukia mkwe wangu anisaidie. Lakini Mzee Haji masikio yake yalikuwa yanaimba kuliko yangu, na kila anayemsalimu anamjibu "Alhamdulillah" kwa kutikisa kichwa. Tukaketishwa jamvini, mbele yetu shehe wa kuozesha, na pembeni yake walii wa binti, ami yake, bwana mmoja mnene mpole aliyekuja kutoka Mombasa kwa ajili ya shughuli hiyo na ambaye (haya niliyajua baadaye) hajapata kumtia machoni bwana harusi. Wanaomjua walikuwa wote wamekwenda ufukweni kumpokea. Shehe akamuinamia Mzee Haji akamuuliza kwa sauti, "Huyu ni kijana wako?"

Mzee Haji akaniangalia, mie na masizi yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake akanishika bega mbele za watu.

"Naam," akasema. "Ni mwanangu huyu. Mwanangu kabisa."

Wallahi nilifurahi. Nilifurahi nikasahau kukanusha! Kuja kuzinduka, khutba imeshasomwa, mkono wangu uko ndani ya mkono laini wa yule bwana wa Mombasa, na yeye anaanza, "Nakuozesha mtoto wa ndugu yangu, Zuwena..."

Zuwena? Wetu si Time?

Nikainua kichwa. Nikaangalia ukuta, nikaangalia nyuso, hata uso mmoja siujui. Nikafungua mdomo, na kabla halijatoka neno likaja la mtu mwengine, kutoka mlangoni, sauti ninayoijua hata nikiwa kaburini.

"Kombo! Wafanya nini hapo?"

Raya. Basi la wanawake lilikuwa linapita kwenda kwenye nyumba yetu, nyumba ya kweli, iliyokuwa mbele kidogo tu nyuma ya skuli, akaona gari yangu na maua yake kwenye mlango wa watu, akateremka kabla basi halijasimama vizuri. Viatu mkononi, buibui upande mmoja.

Nami, mtu wa maneno mengi, nikatafuta neno, na lililokuja ni hili: "Nilikuwa nakuja."

"Nani huyu?" akauliza bwana wa Mombasa, mkono wangu bado hajauachia.

"Mume wangu!" akasema Raya.

Kutoka pembeni, mzee mmoja aliyekuwa anahangaika na kashata yake akasema taratibu, kama mtu anayesaidia, "Si neno. Nafasi bado anazo tatu."

Sijapata kuona watu wakicheka vile. Shehe aliinama mpaka kilemba kikagusa jamvi. Bwana wa Mombasa akaniachia mkono akashika mbavu zake. Mpiga dufu akapiga dufu bila kujijua. Katikati ya hayo akaingia bwana harusi mwenyewe, kijana kutoka Kojani, boti limemchelewesha, kanzu imelowa mpaka magotini, akasimama mlangoni akatuangalia mmoja mmoja, akauliza, "Nimekosea nyumba?" Ikawa kucheka upya. Nilimwomba radhi kwa mikono miwili. Kijana muungwana yule, akanikumbatia na maji yake, akaniambia hapana ubaya, kuanzia hapo hofu yote ya harusi imemtoka.

Raya hakucheka. Alisubiri. Nikamweleza kuhusu kitufe, mpira wa hewa na kompyuta iliyokata mafuta, kwa haraka, jasho linanitiririka, naye ananiangalia tu, mpaka Mzee Haji, ambaye masikio yalikuwa yameanza kufunguka, akauliza, "Kwani hapa siyo?" Hapo ndipo akapasuka. Alicheka akakaa chini kizingitini, akalia, akanipiga kwa kiatu kimoja, akacheka tena.

Wanaume wa harusi ile ndio walioisukuma gari yangu mpaka kwenye harusi yetu, tena kwa dufu, na wenyeji wetu, wakwe wapya, watu waliotaka kuona Salum anatoka kwenye ukoo wa namna gani, walituona tunakuja hivyo: gari imezimika, mie usukanini, mkwe wangu pembeni anapunga mkono kama raisi. Salum alishafika, kakaa, uso umerudi rangi yake. Nikaha ikapita salama. Aliozeshwa Time, na aliulizwa mara mbili jina lake na la baba yake, kwa sababu habari zilishatutangulia.

Gari ilirudi Chake kwa kamba nyuma ya pikapu ya samaki. Shaame akaurudisha mpira kwa kibano kipya, na kitufe tukaking'oa, tukazikata nyaya zake, nikaziba lile tundu. Kontrola ipo, inawaka buluu, imekaa kwenye nukta nane na haipandi hata kwa dua. Siku chache baadaye Mzee Haji alikuja dukani, jambo ambalo si kawaida yake, akashika mashungi asiyoyataka, akaniuliza mambo ya biashara, akaondoka, akarudi, akaangalia kushoto na kulia, akasema kwa sauti ya chini, "Ile njia ya Konde, siku moja twende tena. Sisi wawili tu. Usimwambie Raya."

Sikumwambia Raya, na tulikwenda au hatukwenda hilo halisemwi hapa. Ninalosema ni nadhiri yangu, na mashahidi ni nyinyi: harusini siendeshi tena. Nikialikwa, nakwenda kwa miguu, au napanda basi nakaa nyuma kabisa na vijungu vya wali, na nikifika, kabla sijavua viatu, kabla hata sijapokea salamu, namvuta mwenyeji pembeni namuuliza jina la bi harusi.